Kumtoa mtoto wa paka nje kwa mara ya kwanza huku Uingereza

Paka akipotea siku yake ya kwanza nje, mara nyingi hajaenda mbali. Yuko chini ya gari la jirani au nyuma ya mapipa ya taka, nyumba mbili tatu kutoka mlangoni, kajikunyata kwa hofu, na hata ukimwita kwa jina hatoi sauti. Kutoka alijua, kurudi hakufundishwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani, wiki kadhaa kabla ya mlango kufunguliwa. Huku nyumba zimebanana, kila bustani ina uzio wake wa mbao na barabara iko hatua chache, kwa hiyo kazi hiyo hairukwi.

Tuanze na umri. Asitoke kabla ya miezi mitano, na sita ni afadhali. Sindano ya kwanza ya chanjo huchomwa akiwa na wiki 8 au 9, ya pili wiki 3 au 4 baadaye, na baadhi ya madaktari huongeza ya tatu karibu na wiki ya 16. Muulize daktari wa wanyama kinga inachukua siku ngapi kukamilika baada ya sindano ya mwisho, kwa sababu inategemea chanjo iliyotumika. Mwambie pia waziwazi kwamba paka huyu atatoka nje, ili amchanje dhidi ya virusi vya lukemia ya paka. Virusi hivyo huenea kwa mate, paka wakilambana au waking'atana.

Jambo ambalo wengi huliahirisha ni kumfunga kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na dume anayempanda anaweza kuwa kaka yake wa tumbo moja; paka hawana habari na undugu. Mimba huchukua takriban wiki tisa, basi ukichelewa kidogo una ukoo mzima sebuleni. Dume asiyehasiwa huzurura mbali zaidi na hupigana, na jeraha la kung'atwa ndiyo njia kuu ya kuambukizana ule ugonjwa unaoitwa ukimwi wa paka (hauambukizi binadamu). Upasuaji ufanyike akiwa na miezi minne hivi, kidonda kipone kabisa, ndipo mazungumzo ya kutoka nje yaanze.

Akiwa mezani kwa upasuaji, awekwe chipu palepale. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi kati ya mabega, chenye namba ya tarakimu 15. England, tangu tarehe 10 Juni 2024, ni lazima kisheria kila paka wa kufugwa awe nayo kabla ya kufikisha wiki 20. Ukikutwa hujatimiza unapewa siku 21, na baada ya hapo faini inaweza kufika pauni 500. Watu hudhani chipu inaonyesha paka alipo kama simu. Haionyeshi. Inasomwa na mashine ikisogezwa karibu, na inasaidia tu kama namba yako ya simu iliyoandikishwa ni sahihi. Sisi wageni huhama nyumba na kubadili laini kila mara. Hapo ndipo chipu nyingi hufia. Tena kuna hili: Sheria ya Barabarani ya mwaka 1988 humtaka dereva aliyegonga mbwa, farasi, ng'ombe, punda, kondoo, nguruwe au mbuzi atoe taarifa. Paka hayumo kwenye orodha. Anayemwokota ajue pa kupiga simu.

Ukanda wa shingoni si lazima. Ukimvisha, uwe ule ambao kifungo chake huachia kikivutwa kwa nguvu, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Ule wa mpira unaonyumbuka una hatari yake: paka akijaribu kuuvua, mguu wa mbele hupenya na ukanda ukamkata kwapani. Mtoto wa paka anakua, kwa hiyo upimwe kila wiki.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kopo lenye kifuniko, tia ndani kokoto chache za chakula chake kikavu, na kila mara kabla ya kumlisha litikise kwa mtindo uleule, ukimwita kwa neno lilelile. Kwanza akiwa mbele yako, kisha akiwa chumba kingine, kisha akiwa ghorofani amelala. Siku akiacha usingizi au mchezo na kuja mbio kwa sauti ya kopo, na kufanya hivyo kila mara, yuko tayari. Usilitikise kopo kumwita umpe dawa au umtie kwenye kikapu cha safari. Ukimdanganya kwa kopo mara mbili tatu, umelipoteza. Kama nyumba ni mpya kwake, akae ndani wiki tatu kamili hata awe mkubwa na ameshachanjwa, ili harufu ya mahali hapo iwe yake.

Siku moja kabla, piga magoti ukague bustani kwa kimo chake. Mwanya wa uzio unaopitisha kichwa chake utapitisha mwili wake. Angalia pipa la maji ya mvua lisilo na kifuniko na banda la vifaa lililo wazi. Chukua konzi ya mchanga wa trei yake ya choo, ule uliolowa mkojo, bila kinyesi, uufukie kwenye udongo uliotifuliwa pembeni. Hapo atapata harufu yake na pa kwenda haja. Trei ya ndani usiiondoe kwa wiki nyingi zijazo.

Chagua asubuhi kavu isiyo na upepo, siku usiyokwenda kazini. Usimlishe kwanza. Fungua mlango wa nyuma, toka wewe, kaa hatua mbili tatu kutoka kizingitini na uache mlango wazi nyuma yako. Usimbebe. Paka anayetoka kwa miguu yake huipima njia kwa pua hatua kwa hatua na kusugua mashavu kwenye fremu ya mlango. Aliyebebwa akawekwa katikati ya majani hana njia kichwani, na mbwa akibweka atakimbilia popote. Atasimama kizingitini, tumbo karibu liguse chini, masikio yakigeuka kila upande. Atatoka, atarudi ndani, atatoka tena. Mwache. Kumsukuma ndiyo kumharibia. Baada ya dakika kumi, akiwa bado ana hamu ya nje, tikisa kopo, ingia naye, mpe chakula chake chote na ufunge mlango. Kesho dakika kumi na tano, keshokutwa zaidi kidogo. Kama yupo dume la mtaani lenye desturi ya kupita hapo saa fulani, hamisha saa yako. Paka wenyewe hugawana mitaa kwa zamu namna hiyo.

Endelea kutoka naye kwa wiki mbili tatu kabla ya kumwachia atoke mwenyewe. Hapo swali la kijilango cha paka, yaani kitundu chenye kifuniko kinachowekwa mlangoni apite mwenyewe, huja, na kwa mpangaji lina mitego. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla fundi hajagusa mlango. Kama mlango ni wa kioo cha usalama cha tabaka mbili, hakitobolewi. Kikiguswa na mashine hupasuka chote vipande vidogo vidogo. Fundi huagiza kioo kipya kilichotengenezwa na tundu tayari, na gharama yake ni ya maana. Nunua kijilango kinachosoma chipu, vinginevyo paka wa jirani watakuja kula kwako.

Kuna sumu tatu nne za kuziogopa kuliko mbwa. Kulanti ya gari (maji ya kupozea injini) iliyomwagika gereji, yenye ethilini glaikoli: kijiko kidogo cha chai kinatosha kumuua, kwani huharibu figo. Maua ya lili, kila sehemu yake, hata ungaunga wa njano uliomdondokea manyoya akaulamba. Punje za sumu ya konokono. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Usimpake hata tone ukidhani ni suala la kupunguza kipimo tu. Ukishuku lolote kati ya haya, piga simu kwa daktari saa ileile bila kungoja dalili. Wakati wa baridi paka hupanda kwenye injini yenye joto, basi piga boneti mara mbili kabla ya kuwasha.

Giza lina hesabu yake huku. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati mwishoni mwa Juni huchelewa hadi saa tatu na dakika ishirini hivi usiku. Awe ndani kabla ya jua kuzama, kwa sababu usiku ndipo magari huwagonga zaidi, hasa paka wadogo. Mlo wa jioni ndio chambo. Karibu na tarehe 5 Novemba fataki hulia wiki nzima; siku hizo funga mapema, na kama zamu yake ya kutoka imeangukia hapo, isubiri ipite.

Kuhusu ndege na panya: utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yaliyoletwa nyumbani kwa asilimia 36, na kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kwa siku kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha tofauti ya maana.

Asiporudi, usianze kwa kubandika matangazo mtaa wa tatu. Waombe majirani wafungue mabanda na gereji, kwa sababu huingia mlango ukiwa wazi na kufungiwa. Mtaa ukitulia usiku, toka na tochi uiweke usawa wa macho yako, macho yake yatang'aa chini ya magari. Ukimwona usimkimbilie; chuchumaa, tikisa kopo, ngoja. Akirudi na alama ya kung'atwa, hata ndogo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Jino la paka ni jembamba na refu, ngozi hufunga juu upesi na usaha hubaki ndani, na jipu likija kuonekana siku mbili tatu baadaye, homa imeshapanda na ameshaacha kula.