Jinsi Nilivyoipata Shchi ya Kale kwa Sufuria ya Umeme

Warusi husema kwamba shchi na uji ndicho chakula chao. Baada ya majira kadhaa ya baridi hapa Voronezh, mji wa Urusi, ninaona fahari kwamba shchi ninayoipika katika fleti huliwa hadi bakuli likombwe, tena na watu waliokulia vijijini. Ninazungumzia supu ya kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, ambayo zamani iliachwa kutwa katika jiko kubwa la matofali, joto likipungua taratibu baada ya kuni kwisha.

Kilichonikera ni ushauri niliopewa mwanzoni: tumbukiza nyama, viazi, karoti na kabichi kwa pamoja katika sufuria ya umeme, bonyeza kitufe, ukalale. Nikafuata. Asubuhi nyama ilikuwa ikichambuka yenyewe, lakini viazi vilikuwa vimekaza kabisa. Kijiko kilivigonga badala ya kuzama, na nilipokipasua kimoja nilikuta ndani bado ni kigumu. Niliviongezea muda mrefu wa moto na havikubadilika, kwa sababu asidi ya kabichi iliyochacha huzuia viazi kulainika. Kwa hiyo viazi viive kwanza katika mchuzi wa nyama, ndipo kabichi ifuate. Anayependa aviache kabisa, maana viazi vilienea Urusi katika karne ya 19, na shchi ni ya kale kuliko hapo.

Wapo pia wanaoshauri kabichi mbichi na siki. Siki huleta ukali mtupu. Kabichi haina gharama ya kutisha, nyama ndiyo inayouma mfuko, basi kwa nini mtu asiichachushe mwenyewe? Mimi hutia takriban gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, nikaifikicha mpaka itoe maji, nikaikandamiza kwa kitu kizito ili isielee, na kila siku huitoboa hadi chini kwa kijiti cha mti ili gesi itoke, la sivyo huingia uchungu.

Sasa siri yenyewe. Kabichi sipiki katika sufuria ya umeme hata kidogo. Huikamua kidogo, nikaipanga katika chungu cha udongo pamoja na siagi na maji yaliyolowekewa uyoga mkavu, nikafunika na kuisukuma ndani ya oveni ya nyuzi 130 kwa saa tatu au nne. Hapo ndipo joto la lile jiko la matofali hurudi: kabichi hutoka laini, ina rangi ya asali iliyokolea, na uchachu wake umetulia. Sufuria ya umeme huachiwa mchuzi wa mifupa peke yake.

Nikishachanganya kabichi na mchuzi, siipakui siku hiyo. Huiacha usiku kucha kwenye roshani igande, kama wasafiri wa zamani walivyobeba shchi iliyoganda kwenye sleji, na kesho yake huipasha moto polepole na kuila kwa mkate mweusi wa shayiri nyekundu (rye) na smetana, yaani krimu iliyochachushwa.

Katika mfungo kabla ya Pasaka, nyama, siagi na smetana huondoka. Hapo huongeza uyoga maradufu na kutumia mafuta ya alizeti, ambayo mkoa huu unayazalisha kwa wingi, na majirani wanaofunga huja na bakuli zao.