Mama Mkwe Alipoondoka

Mimba ya mke wangu iliharibika mwaka 2018, tukiwa Tanga. Ilikuwa haijatimiza miezi mitatu. Walimsafisha kizazi jioni, asubuhi tukarudi nyumbani kwa bajaji.

Kwetu mtu akifa, mwanamume ana shughuli. Utachimba kaburi, utabeba jeneza, utahangaikia turubai na mchele wa hitima. Lakini mimba isiyofika siku 120 haijapuliziwa roho, haiswaliwi, haipewi jina. Hakuna kaburi, hakuna matanga. Kazini nako sheria ya ajira wakati ule ilimpa baba siku 3 mtoto akizaliwa, na siku 4 mtoto akifa. Wetu hakuwa amezaliwa, na kwa karatasi hakuwa amekufa. Nikachukua likizo yangu ya mwaka.

Mama mkwe akaja kutoka Pangani na pilipili manga zake za uji. Chumba kikawa chake na binti yake, mimi nikahamia sebuleni. Waliokuja kutupa pole walinikuta mlangoni: "Mkeo anaendeleaje?" Anaendelea vizuri, alhamdulillahi. "Mungu atawapa mwingine." Najua husemwa kwa nia njema, lakini sisi tulimtaka huyuhuyu.

Ndani, mke wangu alikuwa akiulizia ndoo. Alibeba ndoo ya maji Jumatatu, damu ikaanza Jumatano. Daktari alishamweleza kuwa nyingi kati ya mimba zinazotoka mapema hivyo huwa na kasoro ya vinasaba tangu kutungwa, kazi za nyumbani hazihusiki. Anaitikia, kisha akiingia jirani anamuuliza yeye.

Siku mama alipopanda basi, usiku mke wangu akaniambia, "Hivi wewe hujalia hata kidogo?"

"Ningelia wapi? Sebuleni, mbele ya mama yako?"

Akanyamaza. Kisha nikamwambia kwamba nilikuwa nimeshampa jina, Salim, la babu yangu. Akainuka kitandani. "Salim? Alikuwa wa kike!" Yeye kumbe siku zote alikuwa akizungumza na binti, na jina alilompa ni la shangazi yake wa Muheza, mwanamke ambaye kwenye harusi yetu alihesabu sahani za pilau.

Nikamwambia mtoto wangu haitwi jina la yule. Akacheka, akalia, akanipiga mto. Tukabishana mpaka adhana ya alfajiri, wakati huo na mimi nalia, na shangazi bado namkataa.