Madaftari Mawili ya Mto Songwe

Juzi binti yangu alikuwa anachora ramani ya Tanzania, kazi ya shule. Alipofika kule kusini magharibi, mto unapoingia Ziwa Nyasa, akaweka penseli chini. "Mama, mto ukihama, na nchi nayo inahama?" Baba yake akamjibu kwamba mpaka ni mpaka, amalizie kuchora akalale. Mimi nilishindwa kunyamaza, nikaanza kumsimulia, na usingizi ulimpitia kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Basi namalizia hapa.

Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Serikali ilikuwa bado haijahamia huku, lakini kumbi za Dodoma hazikukosa wageni, na safari hiyo walikuja wataalamu wa maji wa Tanzania na wenzao wa Malawi kuzungumzia Bonde la Mto Songwe. Usiku wa kuamkia kikao nilikesha na makabrasha. Songwe ndio mpaka wa nchi hizi mbili tangu Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mwaka 1890. Huku ni Ileje na Kyela, ng'ambo ni Chitipa na Karonga. Kule juu milimani mto umebanwa na mabonde, hauna pa kwenda. Ukishafika tambarare unalegea na kupindapinda, na mvua zikizidi unakata kona na kujichimbia njia mpya. Mtu analala shamba lake la mpunga liko Tanzania, anaamka liko upande wa pili wa maji. Ndiyo maana nchi hizi zikaamua kulishika jambo hili pamoja: kuimarisha kingo, kujenga mabwawa ya kupunguza mafuriko na kuzalisha umeme, kumwagilia mashamba pande zote mbili.

Mimi ni mtu wa Bahi. Mto wetu, Bubu, unashuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, bahari hauioni. Kiangazi tulikuwa tunafukua mchanga wake hadi maji yatoke, na tukigombana, tunagombana jirani na jirani, mkulima na mfugaji, kisha wazee wanakaa na yanaisha. Maji ya Songwe yanaingia Nyasa, yanatoka kwa Mto Shire, yanaungana na Zambezi hadi Msumbiji na bahari. Ukiyagusa Ileje, kuna watu wengi mbele yako wenye haki ya kuuliza umefanya nini. Nilienda kikaoni nikiwa na hamu ya kuona watu hao wanaulizana vipi.

Asubuhi yote iliishia kwenye ubishi. Ukutani ilionyeshwa michoro miwili ya kina cha maji, mto mmoja, msimu mmoja, na mistari haikukutana. Wahandisi wetu walisema takwimu za Malawi zimezidishwa. Wa Malawi walisema za kwetu zimepunguzwa. Walisema kwa adabu, kwa Kiingereza kizuri, lakini hakuna aliyesogea hata kidogo. Na halikuwa jambo dogo, kwa sababu kimo cha kingo na mashamba yatakayokumbwa na maji vinatokana na namba hizohizo. Ukikosea hapo, familia inajenga mahali inapodhani ni salama.

Nyuma kabisa, karibu na meza ya chai, walikaa wazee wawili ambao hawakuwa wamesema neno. Mmoja alitoka Kyela, mwingine Karonga. Hawa ndio waliokuwa wakienda mtoni asubuhi na jioni kusoma vibao vyenye alama za sentimita vilivyosimikwa ndani ya maji, kila mmoja kwenye ukingo wake. Walikuwa wameletwa kwa ajili ya kutoa maelezo kama wangeulizwa, na mpaka saa ya mapumziko hakuna aliyewauliza.

Watu walipotoka kunywa chai, mimi nilibaki nikisafisha maandishi yangu. Mzee wa Karonga alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa mwenzake. Wakaanza kuzungumza lugha yao, maana Wanyakyusa na Wangonde wanaelewana. Yule wa Kyela akatoa kwenye mfuko wa plastiki daftari lenye jalada gumu, kingo zake zimevimba kwa unyevu. Mwenzake akatoa la kwake. Wakayaweka sambamba, wakatafuta mwezi mmoja. Kisha vidole viwili vikaanza kushuka pamoja, tarehe kwa tarehe. Huyu anasoma, yule anasoma, wanatazamana, wanashuka. Ukurasa wa kwanza wote, tofauti ilikuwa ileile. Wa pili, ileile. Niliacha kalamu nikasogea.

Ghafla kidole cha mzee wa Karonga kikasimama. Pembeni ya namba kulikuwa na maneno yameandikwa kwa penseli, madogo, yamefifia. Akayasoma kwa sauti, na mzee wa Kyela akapiga meza kwa kiganja.

"Shikamoo mzee," nikamwambia yule wa Kyela, "mmeona nini?"

"Marahaba binti yangu. Siku hii mafuriko yalisomba kibao chao, wakasimika kingine. Sifuri yao ikahama. Na kabla ya hapo sifuri zetu hazikuwahi kuwa kimo kimoja. Maji ni yaleyale. Hakuna aliyedanganya."

Yale maneno ya penseli hayakuwahi kufika kwenye kompyuta. Aliyeingiza takwimu aliingiza namba peke yake, pambizo akaiacha. Wahandisi waliporudi, wazee waliwaonyesha ukurasa kwa ukurasa, na nilimwona mhandisi mmoja wa Malawi akiinama kumshika mkono mzee wa Kyela kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo," akamwambia, yaani asante sana. Baada ya chakula cha mchana kikao kiliamua vibao vyote vipimwe upya kwa pamoja, kutoka alama moja.

Katika kumbukumbu nilizokabidhi, yote haya ni sentensi moja: wajumbe walikubaliana kuoanisha takwimu za pande mbili. Niliandika aya ndefu zaidi, ikakatwa. Mwaka 2017 nchi hizi zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lile. Niliisikia habari hiyo nikafurahi kweli, na nikajiuliza kama waliosaini wanajua madaftari yale.

Sijui somo hili linafika wapi. Mto ule ukiishia, linaanza ziwa, na huko Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, Malawi inasema maji yote ni yake hadi ufukwe wetu, kwa makubaliano yaleyale ya 1890. Wapatanishi wameshakaa na ubishi upo. Hapo hakuna kibao cha kusoma. Lakini wavuvi wa pande zote mbili wanaingia ziwani kila usiku, na wanajua mengi kuhusu kuishi pamoja juu ya maji yale. Ningependa nione kikao ambacho wao wanaulizwa kwanza, kabla ya chai.