Siku moja Katwe: breketi 8 na bosi mwenye haraka

Saa 12 na nusu asubuhi nashuka kwenye taksi Kibuye, nateremka kwa miguu hadi kibanda changu cha kuchomelea hapa Katwe, Kampala. Chai na katogo kwa Hajati, mashine zinatolewa nje, nyaya zinachomekwa. Kufikia saa 3 geti limeshaungwa bawaba, kitanda cha chuma kimeshapata mguu mpya, na muuza roleksi, zile chapati za mayai, ameshachukua jiko lake. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya kibanda, hazina hadithi.

Hadithi imekaa kule nyuma, juu ya stendi nne: chesisi ya gari la kujiundia nyumbani. Mwenyewe ni mtu wa ofisini, anaiunda uani kwake. Mtindo ni ule wa Lotus Seven ya mwaka 1957, kigari cha Colin Chapman ambacho Waingereza waliuziwa vipande wakajiunganishie wenyewe, maana gari la vipande lilikwepa kodi ya mauzo. Fremu ni bomba za mraba za milimita 25, unene wake milimita 1.6 tu. Sehemu kubwa amechomelea kwa mkono wake, na sitamnyima haki yake, kajitahidi. Alipofika kwenye breketi za saspensheni, vile vishikio vya chuma vinavyofunga magurudumu kwenye fremu, ndipo akakumbuka mafundi wa Katwe.

Wapita njia hawaishi kuuliza kama tunaunda Kiira nyingine, ile ya umeme ya vijana wa Makerere ya 2011. Nawajibu kwamba hii itakunywa petroli kama baba zao.

Saa 4 bosi, mwenye gari, kafika. Kanikuta nimepiga magoti na kipande cha chaki. Nimevuta uzi katikati ya chesisi, mbele hadi nyuma, naning'iniza timazi kwenye kila mahali pa breketi, naweka alama sakafuni.

"Fundi, bado hujaanza?"

"Nimeanza tangu saa 3, ssebo."

Akatazama mashine ya kuchomelea iliyopoa, akanitazama mimi. Watu wengi wako hivyo. Kwao fundi wa kuchomelea ni cheche. Pasipo cheche, fundi amelala.

Mbele ya gari hili inahitaji breketi 8. Kila upande una amu, yaani mkono wa chuma unaobeba gurudumu, ya juu na ya chini, kila amu ina miguu miwili, na kila mguu unashikwa na breketi yake yenye bushi ya mpira na bolti ya milimita 12. Breketi zenyewe ni bati la milimita 3 lililokunjwa. Sharti zikumbatie kona za bomba. Ukiibandika breketi katikati ya ubavu mwembamba wa 1.6, mashimo ya barabarani yataichana siku moja na kipande cha bomba.

Sasa, bosi alikuja na breketi mbili za kushoto ameshazishikiza mahali pengine, kwa fundi aliyemwambia ni kazi ya nusu saa. Nikapima. Kutoka kwenye uzi, ya nyuma imeingia ndani milimita 4 kuliko mwenzake wa kulia.

"Milimita 4 ni nini, fundi? Si unene wa kalamu?"

Nikamweleza kwamba amu ikikaa mshazari, gurudumu nalo linageuka na mshazari wake. Tairi litaliwa upande mmoja, usukani utavuta, na kwenye ile barabara ya haraka ya Entebbe atakuwa anapigana na gari lake mwenyewe. Akatoa simu kunionyesha video ya mzungu fulani anayefunga breketi zote kwa dakika 10. Nikamwonyesha kwenye video hiyo hiyo ile meza ya chuma iliyonyooka ambayo yule mzungu amefungia fremu yake. Meza hiyo hata bosi hakuwa ameiona.

Tukazikata. Grainda ikalia, bosi akashika kichwa.

Na umeme ukakatika.

Kuanzia hapo saa sizifuati tena. Nakumbuka adhuhuri iliadhiniwa, nikaenda nikarudi, umeme bado. Jenereta ipo. Nani ananunua mafuta? Bosi anasema ni juu ya kibanda, kibanda kinasema ni juu ya bosi. Basi tukaendelea na kazi isiyotaka umeme, na bahati nzuri hiyo ndiyo sehemu kubwa. Tulipima pembe kwa pembe, mbele kulia hadi nyuma kushoto, halafu kinyume chake, mpaka futi ikasoma namba ile ile pande zote. Nikapiga tupa kwenye masikio ya breketi yaliyobana. Nikachukua nondo laini ya milimita 12, nikaipitisha breketi ya mbele hadi ya nyuma ili matundu yote mawili yatazamane mstari mmoja. Ndani ya breketi nikaweka vipande vya bomba la chuma badala ya bushi, maana mpira ukiachwa humo wakati wa kuchomelea utanuka mtaa mzima, na breketi ikiachwa tupu inajifunga kwa joto, bushi isiingie tena.

Kila nusu saa: "Fundi, bado?" Jua kwenye mabati, mgongo unauma, njaa imeshapita ikaacha kizunguzungu. Kijana wangu akaleta kikomando, nikala nimesimama.

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama. Nikashikiza breketi zote kwa tone tone kwanza, nikapima tena, bosi akaguna. Kisha kulia kidogo, kushoto kidogo, vijiti vya 2.5, moto mdogo. Chuma kikipoa huvuta. Ukimaliza upande mmoja wote unaivuta fremu nzima kwako. Kijana akaja na kopo la maji apooze, nikamfokea. Ipoe yenyewe.

Cheche zote, ukizijumlisha, hazikufika nusu saa. Nikaigonga nondo kwa kiganja, ikachomoka. Nikaweka bushi na amu, nikaipandisha na kuishusha kwa kidole kimoja. Bosi akajaribu mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, anacheka kama mtoto.

Wakati wa kulipa akarudi kuwa mtu wa ofisini.

"Lakini fundi, zile saa za umeme kukatika utanipunguzia, sivyo?"

"Zile ndizo nilizofanya kazi yako, bosi. Nipunguzie wewe hizi za cheche."

Kalipa yote, kwa kuguna. Jumamosi analeta ekseli ya nyuma. Nimemwambia alete ekseli yenyewe, si picha yake kwenye simu, na mafuta ya jenereta aje nayo.