Gari la taka halifiki kwa Bibi

Jumanne nimedifendi pendekezo langu la utafiti chuoni na kupita (dua zenu nimeziona), lakini kinachoninyima usingizi ni maneno ya Bibi ya Alhamisi.

Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaniuliza huko chuoni nasomea nini hasa. Nikamweleza: kwenye ncha za nyuroni, yaani seli za neva, kuna vifuko vya kemikali, na proteini kama RIM1 huviweka tayari vimwage ujumbe kwa seli jirani. Proteini ikichakaa hupachikwa chapa, ubikwitini, kisha proteasomu, mashine ya taka ya seli, huikatakata.

"Kwa hiyo, mume wangu, miaka yote hii unasomea takataka?"

Shangazi alicheka mpaka akatua sufuria. Mimi nikajibu, "Siyo takataka, Bibi." Basi. Siyo takataka, Bibi! Usiku kucha nikawa nalijibu dari. Waliogundua kazi ya hiyo chapa, Ciechanover, Hershko na Rose, walipewa Nobeli ya kemia 2004, mbona sikusema? Mbona sikumtajia panya wa maabara wa Japani wa 2007? Walinyimwa SCRAPPER, proteini inayoipachika RIM1 chapa; RIM1 ikarundikana, vifuko vikawa vinamwaga mara nyingi kuliko kawaida.

Leo kwenye daladala ndipo nimekumbuka kwamba Bibi hakuishia pale. Shangazi akiwa bado anacheka, yeye aliwarushia kuku machicha, akauliza taratibu: "Na hilo gari la taka, huko nchani linafika?"

Kwake, gari huishia kwenye lami.

Jamani, ndilo swali lililonitoa jasho Jumanne! Aksoni, ule mkia mrefu wa nyuroni, ya kwenda mguuni hukaribia mita moja, na lisosomu (vinu vya taka vya seli) zenye nguvu ya kusaga zimejaa upande wa pili, kwenye kiwiliwili cha seli. Taka nyingine proteasomu humalizana nazo papo hapo. Nyingine hufungwa kwenye mfuko kule nchani, dineini, proteini mchukuzi, ikauburuta njia nzima kurudi. Mimi nilihitaji slaidi nne. Bibi hata nazi hakuwa amemaliza.

Nimecheka peke yangu mpaka konda kanigeukia. Kesho nampigia, nimwambie linafika, ila kwa kuchelewa.