Tulivyowapitishia wazee wa Keya ndege ya Dakota juu ya Nanyuki

Nilikuwa natafuta ndege ya kupita juu ya sherehe yetu ya Nanyuki, ya kuwakumbuka na kuwaheshimu askari wetu wazee. Nianze na yule aliyenishauri nitafute Harvard. Ni mtu wa kukodisha mahema na spika, na kwake ndege ya vita ni ndege ya vita, mradi iwe ya zamani na ipige kelele. Nilikataa palepale. Kati ya 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, Harvard za Waingereza ndizo zilizodondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na Nanyuki iko chini ya mlima huohuo. Utamheshimuje mzee kwa ndege iliyowafukuza nduguze msituni?

Wazee wetu walikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw kule Bama (Burma), mvua haikatiki, malaria inawamaliza, magari yamezama kwenye tope. Chakula kilitoka angani, na aliyekileta ni Dakota, ndege ya mizigo. Babu yangu alinieleza jinsi mchele ulivyotiwa kwenye gunia, kisha gunia hilo likatiwa ndani ya jingine kubwa zaidi, likaangushwa bila mwavuli. Likigonga chini, la ndani linapasuka, la nje linaushika mchele. Mtu aliyekula mchele huo humwonyeshi ndege nyingine yoyote.

Miaka tulipoandaa sherehe yetu, bado ungeweza kuikuta Dakota pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ikibeba mizigo. Kuikodi kutwa nzima hatungeweza hata kwa harambee tatu, maana injini zake mbili zinakunywa lita mia tatu na zaidi za avgas, petroli ya ndege, kwa saa. Basi sikuuliza bei ya kukodi. Niliuliza ni lini inapeleka shehena kaskazini. Nanyuki iko njiani, kwa hiyo tulilipia dakika za kuzunguka tu, na rubani alipojua ni kwa ajili ya nani, hata hizo akatupunguzia. Anza kuuliza mapema.

Vibali vya mamlaka ya anga ni barua na subira. Ongeza barua kwa kambi ya jeshi la anga, kwa sababu anga ya Nanyuki ni yao kwanza. Usibembeleze rubani ashuke chini ya futi 1000 juu ya watu. Dakota kwa kimo hicho inajaza macho.

Sasa niwaambie kilichoharibika mwaka uliotangulia, wakati maandalizi yalikuwa mikononi mwa wengine na mimi kazi yangu ilikuwa kuwaleta wazee kwa gari. Walikodi ndege ndogo ipite saa tano kamili. Saa tano mheshimiwa alikuwa bado anaeleza habari za barabara. Ndege ikapita juu ya maneno yake, naye akapandisha sauti. Wazee walikuwa wamekalishwa chini ya hema la heshima. Walisikia mngurumo, wakainua nyuso, wakaona turubai. Mmoja aliniuliza ndege ilikuwa ya rangi gani. Niliumia mpaka nyumbani.

Kwa hiyo nilipopewa kazi, nilianza na viti. Hakuna hema: kofia na miavuli tu, na jua mgongoni, kwa sababu wengi wana mtoto wa jicho, na ndege inayotokea upande wa jua hawaioni. Hotuba zote zikasogezwa baada ya ndege. Walionuna, wacha wanune.

Halafu muda. Kila mtu aliniambia nimpe rubani saa. Saa haisaidii, sherehe zetu hazifuati saa. Niligeuza mambo: ndege isimngoje mpiga tarumbeta, mpiga tarumbeta aingoje ndege. Dakota inakwenda kama kilomita 4 kwa dakika. Tarumbeta ya maombolezo na kimya cha dakika mbili, ukijumlisha na kusimama kwa wazee, ni dakika tatu na nusu. Basi rubani azunguke kilomita 14 kusini, upande wa Naro Moru, na kila pua inapoelekea kwetu aseme redioni. Kijana mwenye leseni ya redio alisimama karibu nami. Wazee walipokuwa tayari na sauti ya rubani ikaja, nilivua kofia, na tarumbeta ikaanza.

Kimya kilikuwa kinaishia tulipoanza kuisikia. Babu hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alishika mkono wa mwenzake, akaelekeza bakora juu kabla hata haijatokea juu ya miti, na ilipopita alikuwa ameshapiga saluti. Mwenzake akauliza kwa sauti kubwa, “Mbona haimwagi?” Wazee wote wakaangua kicheko, cha watu waliowahi kushiba kwa magunia hayo.

Mheshimiwa alifika baadaye. Msaidizi wake akanijia akitaka ndege irudi, bosi apigwe picha nayo. Ilikuwa imeshavuka Isiolo na shehena yake.