Kila nilipoinama kwenye mizabibu

Mara ya kwanza ilinikuta shambani kwetu Mpunguzi, Dodoma, Julai, tukipogoa mizabibu. Niliinama kuokota mkasi. Kuinuka tu, moyo ukaanza kudunda kama ngoma ya muheme, kichwa kikagonga mpaka kisogoni, jasho likanitiririka ilhali upepo ule wa baridi unaopasua midomo ulikuwa unavuma. Mama mkwe akanitazama: "Mama Neema, mbona midomo imekuwa myeupe hivyo?" Baada ya dakika ishirini nilikuwa mzima, nikamaliza mstari wangu.

Kilichonichelewesha ni huko kupita kwake. Mpaka nimetembea hadi zahanati na kukaa foleni, presha imeshashuka na mimi nacheka na wenzangu kwenye benchi. Nilipimwa malaria, hakuna. Nikatibiwa taifodi. Nikaambiwa ni hedhi inakaribia kukoma, kisha nikaambiwa ni wasiwasi. Jirani mmoja alikuwa na lake: jini limenipenda, na majini hupenda kivuli cha zabibu. Sikumlaumu sana, maana kila ikianza nilijua kwa yakini kwamba nakufa sasa hivi. Hofu ya namna hiyo ilinijia bila sababu yoyote, kama mtu kanishika shingo.

Mahali pamoja walinipa propranololi ili moyo utulie. Usiku ule ilinishika karibu saa nzima, macho yakaingia ukungu. Nikaacha vile vidonge, na nikaacha pia kwenda pale.

Mume wangu ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kuandika. Alinunua mashine ya kupimia presha, akachukua daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akachora mistari: tarehe, saa, presha, mapigo, na "ulikuwa unafanya nini". Hiyo ya mwisho niliiona ya kipuuzi. Kwa wiki sita tukaandika mara kumi na nne. Siku za kawaida nilikuwa 128/82 au hapo karibu. Ikinishika, 214/126, mapigo 140. Nikiwa nafanya nini? Nimeinama kufunga matawi. Nimeinama kufua. Najikamua chooni, kwa sababu nilikuwa sipati choo vizuri. Mtoto kanirukia tumboni. Lakini siku mnunuzi alipokuja kutukatalia zabibu zilizokwisha kuvunwa, siku niliyotetemeka kwa hasira, hatukuandika kitu, maana haikunishika. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoacha kuamini habari ya wasiwasi.

Daktari wa mjini tuliyempata alikuwa kijana. Alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, kabla hajaniuliza chochote. Kisha akauliza kuhusu sketi yangu, kwa nini imebanwa kwa pini. Nilikuwa nimepungua sana na nilidhani ni kazi. Akapima sukari, ikawa juu, na mimi sijawahi kuwa na kisukari. Akatuchorea figo mbili kwenye karatasi, juu ya kila moja kofia ndogo. Kofia hizo ni tezi za adrenali, akasema, na katikati yake ndiko inakotoka adrenalini, ile inayotukimbiza tukiona nyoka. Uvimbe ukiota humo hauna haja ya nyoka. Unaimwaga unapotaka, au unapobanwa. Jina lake ni feokromositoma, nao hutokea kwa nadra sana.

Kipimo chake kilinichekesha. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwaga, halafu unakusanya wote kwenye dumu mpaka saa ileile kesho yake. Dumu lenyewe lilikuwa na asidi kidogo ndani, kwa hiyo tuliliweka juu ya kabati mbali na watoto, na mgeni aliyefika siku hiyo akauliza kama tumeanza kutengeneza mvinyo. Majibu yakaonyesha metanefrini, yaani mabaki ya ile adrenalini, yamezidi kiwango mara kadhaa. CT scan ikaonyesha uvimbe wa sentimita 5 juu ya figo ya kulia.

Nilidhani nitapasuliwa kesho yake. Kumbe ukipasuliwa bila kuandaliwa, presha inaweza kukuua mezani. Nilianzishiwa doksazosini ya kulegeza mishipa ya damu, ikapandishwa kidogo kidogo kwa zaidi ya wiki mbili, na baadaye ndipo ikaongezwa dawa ya moyo, ya aina ileile iliyonitesa. Daktari alieleza: ukizuia adrenalini kwenye moyo kabla ya kulegeza mishipa, mishipa inazidi kubanwa na presha inapaa. Pua ziliziba, na nikisimama ghafla nilipepesuka, nikajifunza kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Shida kubwa ilikuwa jikoni. Niliagizwa kunywa maji mengi na kula chumvi ya kutosha, maana mishipa ikilegea inahitaji kujaa. Mama mkwe, aliyemzika mumewe kwa kiharusi, alinificha chumvi. "Mwenye presha kula chumvi! Huyo daktari kasomea wapi?" Mume wangu alimpigia daktari simu mbele yake, sauti ikiwa juu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila neno, akarudi na bakuli la mlenda wenye chumvi mpaka ulimi unawasha.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam kwa matundu madogo. Tulikwenda kwa treni ya umeme, na wala sina mengi ya kusimulia, nilikuwa nimelala. Walipoutoa presha ilishuka mpaka 90/50, nikalazwa chumba cha uangalizi siku mbili, wakinichoma kidole kila mara kupima sukari isije ikashuka pia. Sasa sukari iko sawa, choo kiko sawa, na kila mwaka narudia kile kipimo, kwa kuwa uvimbe huu unaweza kurudi.

Unaweza pia kuwa wa ukoo, kwa hiyo ndugu zangu waliombwa wapimwe. Dada zangu wamekwenda. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa bodaboda, anasema yeye hainami.